Maji Baridi ya Milimani: Jinsi ya Kufurahia Mito na Maziwa ya Nyanda za Juu Kusini

Kiangazi cha Nyanda za Juu Kusini kina sura mbili. Juni hadi Agosti mvua haipo, lakini baridi ipo: Kitulo umande unaganda kwenye majani, na maji ya bomba ya asubuhi Mbeya mjini yanauma vidole. Kuanzia Septemba mambo yanageuka. Vumbi linatimka, mashamba yanasubiri mvua, na katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana linapita karibu wima juu ya Mbeya. Hapo ndipo mtu anaukumbuka mto. Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri kuliko yote ya kuingia kwenye maji ya milimani huku kwetu: jua ni kali, mito imepungua nguvu, maji yametulia mpaka unahesabu kokoto chini.

Ila maji yenyewe hayajui kwamba ni msimu wa joto. Yanatoka kwenye chemchemi na misitu ya Rungwe, Uporoto, Kipengere na Mufindi, na yanabaki baridi hata mawe ya pembeni yakiunguza nyayo. Anayeyafurahia ni yule anayejua mambo mawili: namna ya kupita dakika tatu za kwanza, na namna ya kutumia nusu saa baada ya kutoka. Vipindi hivyo viwili vina hatari zake.

Kuchagua mahali

Kanuni ya kwanza ni mwinuko. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na maji yanafuata. Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, iko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni ya uvuguvugu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na uwanda wa Kitulo ni zaidi ya mita 2,600. Ukitaka mtoto ajifunze kuogelea, shuka Matema. Ukitaka maji yanayokuamsha mwili mzima, panda.

Kwa mito, tafuta kidimbwi kilichopanuka, chini ya mteremko mdogo, chenye ufukwe wa changarawe au mwamba ulioinama taratibu, na chenye mahali pa kutokea ambapo hata mtu aliyechoka anapanda bila kushikwa mkono. Hilo la mwisho ndilo watu wanalisahau. Kuingia ni rahisi popote. Kutoka, vidole vikiwa vimekufa ganzi na jiwe lina utelezi wa kijani, ni kazi nyingine. Kabla hujavua shati, tembea hadi pale utakapotokea upajaribu kwa miguu yako.

Maporomoko yanavutia macho, na Kaporogwe huko kusini mwa Tukuyu ni mfano mzuri: maji yanaanguka mbele ya pango, na upepo wake peke yake unatosha kukulowesha. Furahia manyunyu hayo, kisha shuka mita 50 au zaidi uogelee penye maji yaliyotulia. Chini ya maporomoko maji yamechanganyika na hewa, ndiyo maana ni meupe, na maji yenye hewa hayakubebi. Halafu yanazunguka: juu yanakurudisha kwenye mporomoko, chini yanakuvuta. Mwogeleaji hodari anachoka humo kama asiyejua kabisa.

Kuna sehemu za kutazama tu. Mto Kiwira kwenye Daraja la Mungu na Kijungu ni wa kutazama. Pale Kijungu mto mzima unabanwa kwenye tundu la mwamba wa volkano na kuzunguka kama uji unaochemka, na mwamba umechimbwa kwa chini usipoona. Ziwa Ngozi pia, kwenye safu ya Uporoto, tunashauri ulione kutoka juu ya ukingo. Kuta za kreta ni mteremko mkali, kina kinafika mita 70 na ushee, na eneo lile hutoa hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) kutoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala kwenye mabonde na mashimo bila rangi wala harufu ya kukuonya. Ziwa Kisiba, kule Masoko, ni la kreta pia. Liko chini zaidi kwa hiyo maji yake si makali, lakini kingo zinaanguka ghafla. Hatua mbili uko kwenye maji ya magoti, ya tatu huna chini.

Mufindi na Njombe kuna mabwawa mengi yaliyochimbwa kwa ajili ya chai, miti na umeme. Mengi ni mali ya mashamba, kwa hiyo omba ruhusa. Hatari yake ni ya kimyakimya: visiki vya miti iliyozamishwa, matope yanayoshika mguu, na tabaka mbili za maji. Juu jua limepasha nusu mita, chini ni baridi tupu. Anayejirusha kwa kudhani bwawa lote lina joto kama alilogusa kwa mkono anapata mshtuko kamili.

Popote uendapo, uliza wenyeji. Uhehe na Ubena “kamwene” inafungua mlango, na shikamoo kwa mzee haijawahi kumpotezea mtu muda. Usiulize “hapa ni salama?” kwa sababu mgeni hujibiwa ndiyo kwa heshima tu. Uliza: “Vijana wa hapa wanaogelea wapi, na wapi hawaingii?” Ukiambiwa kuna sehemu haiingiwi kwa sababu za mila, achana nayo. Mara nyingi sehemu hizo ndizo zenye mkondo wa chini.

Kuusoma mto

Chukua kijiti, kitupe katikati ya mkondo, kisha tembea nacho sambamba ukingoni kwa mwendo wa kawaida. Kikikuacha, usiingie. Mwendo wa kutembea unazidi kasi ya mtu wa kawaida anapoogelea, kwa hiyo mto unaokushinda kwa miguu hutaushinda kwa mikono.

Pima kina kwa mwanzi wa mita mbili. Kusini hii mianzi haiadimiki. Maji maangavu yanadanganya: chini huonekana karibu kuliko ilivyo, na shimo la maji ya shingo linaonekana la kiuno. Usipige mbizi kichwa kwanza mahali ambapo hujapita mwenyewe na mwanzi siku hiyohiyo. Mafuriko ya Aprili huhamisha mawe makubwa, hivyo kidimbwi ulichokijua mwaka jana si kile cha mwaka huu.

Angalia pia chini ya mkondo, si pale unapoingilia tu. Mti ulioanguka mtoni ni mbaya kuliko jiwe, kwa sababu maji yanapita kati ya matawi na mtu anabaki amenaswa. Kama ndani ya mita 100 kuna mti wa namna hiyo, mbano wa mawe au mporomoko, tafuta kidimbwi kingine.

Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na mvua inaweza kupiga juu ya mlima wakati wewe uko juani. Novemba inapoanza, kila unapotazama maji tazama na mlima. Dalili za maji kuja ni hizi: rangi inageuka kuwa ya chai ya maziwa, majani makavu na vijiti vinaanza kupita kwa wingi, sauti ya mto inabadilika, au maji yanapungua ghafla kwa sababu kuna kitu kimeyaziba huko juu. Ukiona moja tu kati ya hizo, toka, panda juu kabisa ya alama za mafuriko, ndipo urudi kuchukua viatu. Au viache.

Jambo jingine la huku kwetu ni dawa za mashamba. Viazi mviringo na nyanya hupigwa dawa mara kwa mara, na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, viko ubavuni mwa maji. Kidimbwi kilicho chini ya kinyungu au chini ya mahali watu wanaposafishia bomba za kupulizia si cha kuogelea, hata kiwe safi namna gani kwa macho. Panda juu ya mashamba, karibu na msitu.

Vitu vya kubeba

Kwa miguu, yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba kuukuu. Kandambili zinavuka mto bila wewe. Nguo ya kuogelea iwe bukta au taiti inayobana na fulana. Khanga ivaliwe nje ya maji tu, maana ikilowa inajizungusha miguuni na kufunga mapaja kama kamba. Jinzi inakunywa maji na kukuzamisha.

Chukua taulo, nguo kavu za kubadilisha kuanzia ndani hadi sweta, kofia ya sufu, soksi, na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Panga nguo kavu kwa mpangilio wa kuvaa, ya kwanza ikiwa juu, ndani ya mfuko wa plastiki mgumu. Utakapotoka unatetemeka, hutaki kutafuta soksi chini ya begi.

Halafu kifaa cha kuokolea, ambacho kila nyumba inacho: dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kinachokaza, na kamba ya manila ya mita 15 inayoelea. Dumu la lita 5 linabeba karibu kilo 5, zinazotosha kuweka kichwa cha mtu mzima juu ya maji akilikumbatia kifuani. Funga kamba kwenye mkono wa dumu, si shingoni, kwa fundo lisiloteleza. Tia ndani maji kama nusu kikombe, kwa sababu dumu tupu kabisa linapeperushwa na upepo na halifiki. Rusha lipite kichwa cha mtu, kisha livute hadi limguse. Jaribu mara tano ukiwa nchi kavu. Mwenye dumu hakai majini. Anakaa ukingoni, macho kwa waogeleaji, simu mfukoni.

Kipimajoto ni kitu kizuri, ila si kile cha homa, maana hicho huanza kusoma kwenye nyuzi 32 au 35 na maji ya Kitulo hakitayaona. Kinachofaa ni cha jikoni au cha bwawa la samaki. Kishushe sentimita 30 chini ya maji, kivulini, kaa nacho dakika mbili. Kama huna, zamisha mkono hadi kwenye kiwiko uhesabu taratibu. Mfupa ukianza kuuma kabla ya kufika 60, chukulia kwamba maji hayo ni ya dakika moja au mbili.

Kuingia

Saa bora ni kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Mabonde yetu ni marefu na jua linazama nyuma ya mlima mapema. Kufikia saa kumi kidimbwi kiko kivulini, na utahitaji jua hilo baada ya kutoka kuliko kabla. Usiingie ukiwa na jasho jingi la kupanda mlima. Kaa dakika kumi, pumua. Ulanzi na komoni vibaki kwa ajili ya nyumbani. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, hivyo unajisikia joto wakati mwili unamwaga joto lake lote nje, na inakuondolea akili ya kujua saa ya kutoka.

Ngozi ikipoa ghafla, kifua huvuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako. Baada ya hapo unahema haraka, moyo unapiga mbio, shinikizo la damu linapanda. Huo ndio mshtuko wa baridi. Unaanza sekunde ileile ya kuingia, na kwa kawaida unatulia ndani ya dakika moja hadi tatu. Ile pumzi ya kwanza ikikukuta kichwa kiko chini, unavuta maji. Ndiyo maana waogeleaji wazuri hufa mita tatu kutoka ukingoni.

Kwa hiyo ingia kwa miguu. Simama kwenye maji ya magoti. Lowesha mikono, shingo ya nyuma, uso, kifua. Songa hadi kiunoni huku ukitoa pumzi ndefu kwa mdomo, kama mtu anayepooza uji. Kazi yako ni kutoa pumzi. Kuvuta kutajileta kwenyewe. Tumbo likiguswa utataka kuruka nje. Simama hapohapo, toa pumzi mara tano. Kisha shuka hadi mabegani, ukibaki unafika chini. Usiogelee bado. Subiri mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, kwa mfano jina lako, la kijiji chako na siku ya leo. Ukiisema vizuri, anza kuogelea sambamba na ukingo, kamwe usielekee katikati.

Ukianguka kwa bahati mbaya, usipigane na maji. Lala chali, masikio ndani ya maji, mikono imetanuka, pumua hadi mshtuko upite. Mkondo ukikubeba, kaa chali vilevile, miguu mbele kuelekea unakopelekwa, vidole vya miguu vikiwa juu ya maji, na piga mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia yanayozidi magoti. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mto unakulaza kifudifudi na hautakuachia.

Kukaa

Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye joto lilelile. Kwa anayeanza, maji ya chini ya nyuzi 15 yasizidi dakika mbili au tatu. Kati ya 15 na 18, dakika tano hadi kumi. Juu ya hapo unaweza kukaa robo saa, ukijisikiliza. Watoto wapunguziwe nusu, kwa kuwa mwili mdogo unapoa haraka na mtoto anayecheza hasemi kwamba anasikia baridi. Midomo ikigeuka rangi, mtoe bila mjadala.

Mwili huzoea. Watu wengi huona tofauti kubwa baada ya kuingia mara tano au sita, dakika chache kila mara. Unaweza kuanzia bafuni: ndoo ya maji ya alfajiri ya Julai Mbeya, Mafinga au Njombe ni mwalimu wa kutosha.

Kipimo cha kutoka ni kidole. Kila dakika, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Vikigoma kukutana, misuli ya mkono imeanza kupoa na uogeleaji unafuata. Toka wakati huo, siyo baada ya mzunguko mmoja zaidi. Hisia ya kwamba umezoea na maji yamekuwa mazuri si kipimo. Inakuja hata kwa mtu anayepoa.

Wenye selimundu wasiingie kabisa, kwa sababu baridi ya ghafla ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha maumivu makali ya ugonjwa huo. Wenye matatizo ya moyo, shinikizo la damu, pumu au kifafa, na wajawazito, wazungumze na daktari kwanza. Wenye ualbino wavae mikono mirefu hata majini na kofia pana nje. Ubaridi wa milimani unaficha ukali wa jua, na wote wenye ngozi nyepesi hujikuta wameungua jioni.

Baada ya kutoka

Hapa ndipo watu wanazembea. Ukitoka, damu iliyopoa miguuni na mikononi inaanza kurudi katikati, na mwili unaendelea kupoa kwa dakika 10 hadi 30 zaidi. Unatoka unacheka, dakika kumi baadaye meno yanagongana. Ni kawaida, mradi umejipanga.

Vua nguo zote zilizolowa mara moja. Jikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua kwa nguvu. Vaa kiwiliwili kwanza, kisha kofia, kisha suruali, mwisho soksi. Kunywa chai kwa mikupuo midogo, kula ndizi mbivu au kipande cha kiazi kitamu. Tembea polepole juani. Usikimbilie kuoga maji ya moto wala kukumbatia moto wa kuni: joto kali la ghafla hufungua mishipa, presha inashuka, na mtu anaanguka.

Na bodaboda isubiri. Upepo wa pikipiki kwenye mwinuko wa mita 2,000, nywele zikiwa mbichi, unaendeleza kazi iliyoanzwa na mto, na dereva aliyetoka majini hana vidole vya kubana breki. Nusu saa kamili, nguo kavu, ndipo muondoke.

Mtu akianza kujikwaa kwa maneno, kuyumba, au akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, huyo si wa chai tena. Mlaze, mfunike blanketi chini na juu, mkinge na upepo, mpelekeni hospitali bila kumtembeza.

Aliyezama na kutolewa hapumui: usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, hayo yanapoteza muda na kumtapisha. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, rudia bila kuacha. Mwingine apige 114 kwa zimamoto na uokoaji au 112. Kwa kuwa mtandao bondeni hukatika, mjue kabla ya kuingia ni ukingo gani simu inashika.

Kichocho

Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji yaliyotulia, yenye joto na majani. Mto wa baridi unaokimbia juu ya mawe karibu na msitu una hatari ndogo. Bwawa lenye matete, mfereji wa umwagiliaji, na fukwe za Ziwa Nyasa zina hatari kubwa zaidi, hasa mchana wa jua kali. Kimelea hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na kujikausha haraka si kinga ya kutegemea. Nawe usikilishe kizazi chake: usikojoe majini, na haja yoyote iwe mita 60 kutoka kwenye chanzo, kipimo kilekile ambacho sheria ya mazingira inatumia kulinda vyanzo vya maji.

Kama umeogelea mahali penye shaka, andika tarehe. Dawa ya praziquantel haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo ukimeza kesho yake utadhani umepona. Nenda zahanati upimwe mkojo na choo baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hujaona damu. Ukipata homa, kikohozi na vipele vinavyowasha kabla ya hapo, nenda siku hiyohiyo na umwambie mhudumu jina la bwawa au mto na tarehe uliyoingia.